Jua Langu Lilikuwa Likitua Manda

Ilikuwa Jumanne, baada ya sala ya alasiri, pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya mji wetu wa Amu, yaani Lamu. Nilikuwa na picha kwapani, nimeifunga kwa leso kuukuu ya mama, nangoja boti ya Shela ijaze abiria. Wazee walikuwa barazani kama kawaida yao, na muuza kahawa akigonganisha vikombe. Mmoja wao, nahodha wa zamani ambaye hapa nitamwita Ami kwa sababu ndivyo ninavyomwita, akaninyooshea bakora.

"Ndoo nayo, tuione."

Nikafungua leso. Ilikuwa picha kama zangu zote: jahazi limetweka tanga, bahari imetulia, minazi pembeni, na anga la machungwa lililoiva. Ami aliitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyodai.

"Chombo hiki chenda kwa pepo gani?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Akaisogeza ncha ya bakora karibu na kitambaa bila kukigusa.

"Tanga limejaa huku. Bendera yapepea kule. Na minazi hii imeinamia kwingine kabisa. Pepo tatu, chombo kimoya." Akameza funda la kahawa. "Na yua latwa Manda?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikaifunga leso yangu.

Aliyewahi kusimama ukingoni mwa bahari pale mjini Amu anajua aibu niliyoipata. Kisiwa cha Manda kiko mbele yetu, upande wa mashariki. Jua huchomoza huko. Jioni hututoka mgongoni, nyuma ya mapaa na minara, huko mashamba. Nimezaliwa Langoni, na kwa miaka 34 nimeliona jua likipanda kutoka Manda. Kwa miaka 9 kati ya hiyo nimekuwa nikilitua huko huko, kwa brashi, na kuliuza.

Picha ile iliuzwa Shela jioni hiyo hiyo kwa shilingi 4,500. Mwenye duka akaniagiza nyingine 6 za mtindo ule ule.

Hakuna aliyeuliza upepo.

Tyubu 11

Usiku ule nilifanya kitu ambacho sijui kwa nini sikuwahi kukifanya kabla. Nilihesabu rangi zangu. Tyubu za machungwa, zile mpya na zilizokamuliwa nusu, zilikuwa 11. Nyekundu 4. Bluu 5. Nyeupe 1, nayo imekauka mdomoni.

Nikakaa kitandani nikajaribu kukumbuka picha ya kwanza ya jahazi niliyochora ilitoka wapi. Si gati la Amu. Si boti ya mjomba. Ilitoka kwenye kalenda ya duka, iliyokuwa imetundikwa ukumbini kwetu nilipokuwa kidato cha pili. Na sasa nikiikumbuka vizuri, naona ilikuwa picha ya Unguja, pale Forodhani, ambako jua hutua baharini kweli kweli mbele ya macho ya watu. Nililichukua jua la Waunguja nikalihamishia kwetu. Halafu nikanakili picha yangu, na nakala ile nikainakili tena, mpaka upepo ukapotea njiani kama habari iliyopita midomo 20.

Lakini nisidanganye: haukuwa usiku wa toba. Ulikuwa usiku wa hasira. Nilijiambia Ami ni mzee, hajui sanaa, anataka ramani. Rafiki yangu, naye ni mchoraji, akaniunga mkono kwa simu. "Picha si pasipoti," alisema. "Mbona jahazi tunalichongea macho kwenye omo, pale mbele, na ni mbao tu, haioni chochote?"

Hoja nzuri. Nililala nayo, nikaamka nayo, na kufikia Ijumaa ikawa imeoza.

Kwa sababu yule fundi anayelichongea jahazi macho amelijenga jahazi. Anajua kila taruma, kila ubavu wa chombo, limekaa wapi. Macho ni kitu alichokiongeza juu ya anachokijua. Machweo yangu yalikuwa shuka la kufunikia nisichokijua. Kwa mbali vitu hivyo viwili vinafanana, na ndiyo maana duka la Shela halikuona tofauti.

Nikawa siwezi kuchora.

Wiki mbili, tatu. Kitambaa kimetandazwa, mkono hauendi. Kila nikianza tanga, najiuliza upepo unatoka wapi, na sijui.

Tezi na omo

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini maji yanapokusanyika. Methali hii nimeisikia tangu utoto, kwa kawaida ikielekezwa kwa vijana waliokwenda Mombasa wakarudi mikono mitupu. Sikujua itanihusu hivi.

Kwanza nilikwenda tezi. Niliamini nimechoka tu, kwa hiyo nikapumzika. Nilitembea ufuko wa Shela mpaka miguu ikauma. Nilinunua brashi mpya kutoka Nairobi. Nilitazama kwenye simu kazi za watu wa mbali wanaochora mistari miwili na kuiita maonyesho, nikawaonea wivu, nikajaribu mistari miwili. Ilitoka mistari miwili.

Kisha omo. Nikasema tatizo ni kwamba nimesahau asili. Nikaenda jumba la makumbusho kutazama zile siwa mbili, baragumu za kale, ya shaba ya Amu na ya pembe ya Pate, kwa mara ya mia labda. Nikakaa mbele yake na daftari. Nilitoka na mchoro mzuri wa siwa, mzuri kama ule wa kitabu cha shule, na umekufa vile vile.

Njiani nikirudi kwa Usita wa Mui nikamkumbuka Muhamadi Kijuma, mwenyeji wetu aliyefariki 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mchonga milango, tena mwanamuziki. Sisi wasanii wa Amu tunapenda kumtaja tunapotaka kujikuza. Siku ile nilimfikiria vingine. Mtu aliyeshinda na patasi akikata mti mgumu, usiku akishika kalamu ya mwanzi, mkono wake hauwezi kuiandika alif kwa mazoea. Lazima mbao imeufundisha kitu. Mimi mkono wangu ulikuwa haujagusa kitu kigumu tangu nimalize shule.

Hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa vijana wa mashua ya mawe.

Ngamani

Kila siku, bahari ikiruhusu, kuna vyombo vinavyovuka kutoka Manda, vimejaa mawe ya ujenzi. Mawe hukatwa Maweni, jina limejieleza lenyewe. Watu huyakata kwa mkono, huyabeba begani mpaka pwani, huyapakia maji yakiwa yamejaa. Nimeviona vyombo hivi maisha yangu yote na sijawahi kuchora hata kimoja. Havina machweo. Vinakuja mchana, wakati ambapo mpiga picha yeyote mwenye akili amekwenda kulala.

Nilimwomba nahodha, kijana mdogo kwangu kwa miaka kama 10, nipande naye siku moja. Aliniuliza naenda kuchora?

Nikasema naenda kufanya kazi.

"Basi utafua maji," akasema, na wenzake wakatazamana.

Chombo kile ni cha zamani. Kilipopakiwa mawe kikazama mpaka maji yakawa viganja viwili kutoka ukingoni, na kila mshono wa mbao ukaanza kudondosha. Nikashushwa ngamani, kipande kidogo kilichoachwa wazi nyuma ya shehena, nimepewa mtungi wa mafuta ya kupikia uliokatwa nusu. Siku hizi huo ndio upo, yaani chombo cha kufulia maji. Chota, inua, mwaga. Chota, inua, mwaga. Juu yangu walikuwa wakipigiana kelele za kibaharia za demani na joshi, na kwa mara ya kwanza nikajua upepo unatoka wapi bila kuuona, kwa sababu maji ya ngama yalikuwa yakinikimbilia goti la kushoto. Chombo kikigeuka, yananihamia la kulia.

Kusi ilikuwa imeingia. Nakumbuka vizuri: kusi, kutoka nyuma ya bega langu la kulia tulipotoka Maweni.

Lakini si upepo ulionishika. Ni maji yenyewe.

Vumbi la mawe lilikuwa limenyesha kila mahali: kwenye nywele, kope, kamba, na chini kabisa katika maji ya ngama. Maji yalikuwa meupe. Meupe mazito, kama tui la kasimile. Jua la saa sita lilishuka wima kupitia pengo kati ya mawe, likayapiga, na nuru ikaruka kutoka kwenye maji ikaenda kucheza juu ya mataruma. Mataruma yalikuwa meusi kwa miaka ya mafuta ya sifa, yale ya samaki, na ile nuru ikitetemeka juu yake kama mtu anayejaribu kuandika. Mguu wangu ndani ya maji ulikuwa mweupe, na kivuli cha goti langu juu ya mguu kilikuwa kijani.

Kijani. Nilisita kufua.

"Ami mchoraji!" nikasikia kutoka juu. "Watuzamisha!"

Nikachota.

Uzi mweupe, nguo nyeupe

Nilirudi na malengelenge manne kiganjani na tatizo jipya: sikujua kuchora kitu cheupe.

Tyubu yangu moja iliyokauka ilinieleza kwa nini. Miaka 9 nyeupe kwangu ilikuwa rangi ya tanga na ya povu, unaipaka mwisho, umemaliza. Nilinunua kopo. Nilipaka mguu mweupe, maji meupe, jiwe jeupe, na vyote vikaungana vikawa ukuta. Nikaongeza kijivu, ukawa ukuta mchafu.

Hapa nikafanya ujinga wa kifahari. Nikasema kama weupe huu ni wa matumbawe basi nitumie matumbawe yenyewe. Nikamwomba fundi mmoja wa nyumba za mawe chokaa iliyozimwa vizuri, nikaipaka juu ya kitambaa cha tanga kuukuu nilichonunua kwa mvuvi. Ilipendeza ajabu siku ya kwanza. Siku ya tatu nikakikunja kitambaa kukihamisha, na chokaa ikapukutika sakafuni kama ukoko wa wali. Fundi aliponiuliza nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini. Chokaa yataka ukuta, alisema, ukuta hautembei.

Nilikuwa karibu kuzirudia tyubu za machungwa.

Aliyeniokoa ni shangazi, bila kukusudia, na pengine mpaka leo hajui. Shangazi hushona kofia za vito. Ni kazi ya miezi kwa kofia moja: nguo nyeupe, uzi mweupe, tundu ndogo ndogo zinazotobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka zikae kama macho ya dagaa. Nilimpelekea mkate wa mofa asubuhi moja nikamkuta amekaa mahali pale anapokaa siku zote, ndani ya msana, ukumbi mrefu wa nyumba zetu, ubavu ameuelekeza kiwandani, ule uwanja wa ndani usio na paa, ambako ndiko mwanga unakotoka. Nikamwambia, shangazi, si utoke kiwandani kwenye jua, utaona vizuri zaidi? Umri huu unajiumiza mato.

"Nikikaa yuani sioni kitu," akasema. Hata hakuinua kichwa. "Uzi mweupe, nguo nyeupe. Naona kivuli cha uzi."

Akaigeuza kofia kidogo kuelekea mwangani ili anionyeshe, na ua lote likatokeza. Akaigeuza tena, likazama. Nguo tupu.

Nikasimama pale na mkate mkononi, unapoa.

Basi siku ile nilizunguka mji mzima kama mgeni aliyeshuka Manda na ndege ya asubuhi. Niliingia nyumba ya zamani ninayoijua, yenye zidaka, vishubaka vilivyonakshiwa, za karne ya 18 ukutani. Nimezichora zidaka mara nyingi, kila mara kwa mstari mweusi, kama mtoto anayechora nyumba. Hazina mstari. Ni chokaa nyeupe iliyokatwa ingali na unyevu, na ua linaonekana kwa sababu tu ukingo wake mmoja uko gizani. Mwanga hutoka kiwandani, hupita msana wa tini, hupita msana wa yuu, na ukifika ndani umebaki kidogo sana. Na kidogo hicho ndicho kinachozichora zidaka. Washa balbu, kama walivyowasha siku hiyo kwa ajili ya wageni, na ukuta unakuwa tambi tu za plasta.

Kanzu za waliokuwa wakitoka msikitini. Punda mweupe katika kichochoro kisichozidi upana wa punda. Kofia. Ukuta. Mji wangu karibu wote umenakshiwa kwa kivuli, na mimi nilikuwa naukopesha jua la machungwa kutoka Unguja.

Kodi

Sitaki msomaji adhani nilitupa kila kitu nikawa walii. Zile picha 6 nilizichora. Nilizipeleka kwa mwenye duka pepo zikiwa sawa: tanga, bendera na minazi vyote vinaifuata kusi. Nilimweleza kuhusu jua pia, kwamba ningependa kuliweka panapostahili, nyuma ya mji. Alinisikiliza kwa upole, akaniambia mgeni anataka jua na bahari pamoja, akilitaka la nyuma ya nyumba atalipata kwao.

Basi picha 6 za machweo ya Manda ziko Shela. Upepo wake hauna kasoro.

Asubuhi nikazifanya za duka, na alasiri, mwanga ukiingia kwa ubavu, nikaifanya ya ngama. Nilichora kwanza kwa mkaa wa mkoko moja kwa moja juu ya kitambaa cha tanga, na viraka vyake nikaviacha, na matundu ya sindano ya yule aliyekitia viraka pia. Niliharibu 7. Nyingine ziliharibika kwa sababu nilitaka kuonyesha kwamba nimejifunza kitu. Kila mahali kijani, kila mahali samawati, weupe umekuwa sokoni. Ya 8 nilikuwa nimechoka nikaacha kuonyesha. Nikapaka goti lile, kivuli kile, maji yale, mataruma, na nuru juu ya mataruma, ambayo niliifanya si kwa rangi bali kwa kuukwangua mkaa kwa kisu mpaka kitambaa kikatokeza.

Hakuna tanga ndani yake. Hakuna bahari. Mama alipoiona aliniuliza kama ni pishi ya maziwa imemwagika stoo.

Lakini mkono ulikuwa ukienda. Nikimaliza alasiri najua kesho naanzia wapi, jambo ambalo sikuwa nalo tangu miaka ile ya kalenda.

Mkunguni tena

Wiki iliyopita niliifunga kwa leso ile ile nikaenda nayo Mkunguni kwa makusudi, boti ya Shela haikunihusu. Wazee walikuwapo. Nikamwamkia Ami, nikakaa, nikasubiri amalize kikombe. Kisha nikafungua.

Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mwenzake aliyekuwa pembeni akauliza hiki ni kitu gani. Ami hakumjibu. Kidole chake kilikuwa kikifuata taruma moja baada ya jingine, kinyume, kutoka juu kuja chini, kama anayehesabu. Kilipofika kwenye maji kikasimama.

"Wa kulia," akasema.

"Naam, Ami?"

"Chombo kimelalia kulia. Pepo yatoka kushoto." Akanitazama kuona kama nabisha. Sikubisha. Ndivyo ilivyokuwa baada ya kugeuka.

Akaendelea kutazama. Muuza kahawa akaja, akamimina, akaenda. Nilikuwa nimeanza kujiruhusu kufurahi kidogo ndani kwa ndani, furaha ya mtoto wa madrasa aliyemaliza juzuu bila kukosea, wakati Ami alipoinama karibu zaidi, akatafuta kitu pembe moja ya kitambaa, akakitafuta pembe ya pili.

"Mai yote haya," akasema, "na upo u wapi?"

Nikatazama. Goti, mguu, maji, mataruma. Mtungi ule uliokatwa, ulionitoa malengelenge manne, sikuuchora.

"Chombo hiki kitazama," akasema Ami, na akanirudishia picha yangu.

Nimerudi nayo nyumbani. Mkaa upo. Asubuhi hii nimekwenda jikoni kwa mama kumwomba mtungi wa mafuta, na ananiambia nisubiri uishe kwanza.